Barua kwa mwanangu aliye Handeni: tairi linaloruka kwenye ringi

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama yako mguu unampa nafuu, na mdogo wako yuko kwenye mitihani, kaniachia kibanda peke yangu na baiskeli za watu zimejaa hadi barazani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na picha nimeziona. Ungetaka nikwambie tu "nunua tairi jingine", ningekupigia simu tukamaliza. Lakini umeuliza kwa nini tairi lako jipya linaruka kwenye ringi na kupasua tyubu, na mwalimu akiuliza kwa nini haifai kumjibu juu juu. Kaa chini, usome taratibu.

Kwanza nikutoe hofu. Ringi yako haina kasoro. Hukuzidisha upepo, wala tyubu haikupasuka kwa sababu ya jua la Handeni kama alivyokwambia yule kijana uliyemtaja kwenye ujumbe. Tairi ulilouziwa si la ringi hiyo. Tazama picha yako ya pili: ubavuni mwa tairi, karibu na kidole chako, pameandikwa 28 x 1 1/2, na kando yake kwa herufi ndogo 40-635. Sasa kaliokote lile tairi kuukuu ulilolivua, lisugue vumbi. Utakuta 37-622. Dukani yote mawili yanaitwa ishirini na nane, na muuzaji aliyekwambia "ishirini na nane ni ishirini na nane, mama" alikuwa anauza tu. Asikupotezee muda tena.

Hizo namba za inchi usiziamini sana. Ni za zamani, kila nchi iliziandika kivyake. Ya kuangalia ni ile yenye kistari katikati. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, zote kwa milimita. Baiskeli yako ni mtumba wa Ulaya, ringi yake ni 622. Hilo tairi jipya ni la 635, la baiskeli kubwa za kizamani kama Phoenix ya babu yako. Toa 622 kwenye 635, zinabaki 13. Ni ndogo ukizitazama kwenye rula, lakini hicho ni kipenyo. Zidisha kwa pai kama unavyowafundisha watoto, utapata kama milimita 41 kwenye mzunguko. Yaani uliivalisha ringi tairi lenye sentimita nne za ziada. Ndiyo maana ulinisimulia kwa furaha kwamba liliingia kwa mikono mitupu, bila hata kijiko cha kuvulia tairi. Tairi jipya la waya likiingia kilaini namna hiyo, lishuku.

Na namba 26 ndiyo mbaya zaidi. Kuna 26 ya baiskeli za milimani, ambayo ni 559. Kuna 26 ya zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, 590. Na katikati yake ipo 584. Hakuna linaloingia mahali pa jenzake. Kila wiki naletewa mtu kanunua la 559, anataka nimlazimishie kwenye 590. Namrudisha dukani.

Sasa hilo la kwa nini. Ukilitazama tairi la baiskeli, hakuna kitu kinacholifunga kwenye ringi. Hakuna gundi, hakuna skrubu, hakuna nati. Kinachofanya kazi ni waya mbili za chuma zilizofichwa ndani ya kingo mbili za tairi. Zibonyeze kwa kidole gumba, utazihisi ngumu. Waya hizo hazinyumbuki. Zimekatwa kwa kipimo ambacho ni kidogo kuliko midomo ya ringi, ndiyo maana tairi haliwezi kuruka nje. Basi liliingiaje? Ringi katikati ina mfereji, umechimbika chini kuliko kingo. Ukiutumbukiza waya kwenye mfereji upande mmoja, unapata nafasi upande wa pili, na ukingo unapanda juu ya mdomo wa ringi. Ni kama unavyovaa bangili: unaukunja mkono ndani ili upande wa pili upite, na ikishapita haichomoki yenyewe.

Ukijaza upepo, tyubu inavimba, inazisukuma kingo za tairi zitoke mferejini zikae juu kwenye ukumbi wa ringi, pale bapa kando ya mfereji, zikiegemea kuta za pembeni. Hapo waya umezunguka mahali palipo sawa pande zote, hauna tena pa kukopa nafasi, na hauwezi kupanda ukuta. Kwa hiyo ule upepo unaokubeba ndio huohuo unaolishikilia tairi. Kwako wewe upepo uliingia, tyubu ikavimba, waya ukawa na sentimita nne za kuchezea, ukapanda ukuta upande mmoja, tyubu ikachungulia nje na kupasuka. Hata ungeweka tyubu mpya tano, zote zingepasuka vilevile.

Watu walihangaika sana kabla ya kulipata hili. Unamjua baba yako na kusoma kwake, nivumilie. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya gurudumu la upepo mwaka 1845, kwa magari ya farasi, likasahauliwa. Baiskeli zikaja na mpira mgumu usio na kitu ndani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo, baada ya kumtengenezea mwanawe magurudumu ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Hataza hiyo baadaye ilionekana haina nguvu kwa sababu Thomson alishamtangulia. Lakini tatizo la Dunlop lilikuwa lingine: tairi lake lilifungwa kwenye ringi kwa kitambaa cha turubai na kubandikwa kwa gundi. Ukipata pancha, ubandue vyote hivyo, uzibe, ubandike upya, ungoje ikauke.

Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi la namna hiyo kwenye kiwanda cha mpira cha akina Michelin, kule Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuliziba kulikula muda wa saa tatu, kisha likaachwa usiku kucha. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda baiskeli ajaribu, hakufika mbali, upepo ukaisha. Lakini muda huohuo mfupi ulimwonyesha raha ya kukalia upepo. Akatengeneza tairi la kufungua na kufunga kwa vibano na nati, na mwaka 1891 Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200.

Vibano havikudumu. Mwaka 1890 Mwingereza Charles Kingston Welch alishapata hataza ya tairi la waya wa ukingoni na ringi yenye mfereji. Mwaka huohuo Mmarekani aliyekuwa akiishi Edinburgh, William Erskine Bartlett, akapata ya kwake: ukingo mnene wa mpira unaojishika chini ya mdomo wa ringi uliojikunja, na upepo ukizidi ndivyo unavyozidi kukaza. Kampuni ya Dunlop ikazinunua hataza zote mbili. Ringi yako imechukua kwa wote wawili. Pitisha kucha ndani ya ukingo wake, utasikia umejikunja kidogo kama kulabu. Mfereji na waya ni vya Welch, kulabu ni ya Bartlett.

Waendesha mashindano hadi leo wapo wanaobandika tairi kwa gundi, lile lililoshonwa likafunika tyubu yote. Ni jepesi, linawafaa wao. Mwalimu wa Handeni halimfai.

Yule kijana amekushauri ulizungushie tairi vipande vya tyubu kuukuu, ulifunge pamoja na ringi ili lisiruke. Usikubali. Kufanya hivyo ni kurudi kule kwa Dunlop, tena bila gundi. Kwanza breki hazitafanya kazi, mpira wa breki utakuwa unajikwaa kwenye kila fundo. Na fundo likikatika mteremkoni hakuna wa kukuokota njiani.

Nimempa kondakta wa basi la Handeni mfuko. Mna tairi la 37-622, tyubu mbili, msasa, viraka, gundi, na vijiko viwili vya chai. Vijiko si vya chai tena, mishikio yake nimeisugua ikawa laini, ndiyo ya kuvulia tairi. Bisibisi iache kabisa. Ndiyo inayotoboa tyubu mpya kabla haijaona barabara, na pia inakwangua ukingo wa ringi.

Kabla ya kuvalisha, tazama utepe unaofunika vichwa vya njiti (spoki) katikati ya ringi. Kama umechanika, weka mwingine, maana kichwa cha njiti kinatoboa tyubu kwa ndani na utalaumu mbigili bure. Mafundi wengi wanakata kipande cha tyubu kuukuu, hata mimi hufanya hivyo, ila kiwe chembamba. Kikiwa kinene kinaujaza mfereji, na mfereji ukijaa hakuna nafasi ya kukopa, tairi halitaingia hata ulie. Mbigili nazo zitafute ndani ya tairi kwa kupitisha kitambaa, si kidole.

Ingiza ukingo mmoja wote. Tyubu itie upepo kidogo tu, ipate umbo, kisha ipachike, vali ikiwa imesimama wima. Ukingo wa pili anza nao upande ulio mbali na vali, uzunguke kwa mikono miwili ukimalizia kwenye vali. Sababu ni kwamba pale penye vali waya hauwezi kuzama mferejini, shina la vali linauzuia. Ukianzia hapo umejinyima nafasi, na watu wengi huanzia hapohapo kwa sababu ndipo tyubu ilipo. Pakibaki kipande cha mwisho kikigoma, usitumie nguvu. Toa upepo, rudi nyuma ukiminya kingo zote mbili zizame katikati mzunguko mzima, utaona kipande kimelegea. Paka maji ya sabuni ukitaka. Mwisho isukume vali juu kidogo ndani ya tairi, kisha ivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo.

Jaza nusu. Zungusha gurudumu, tazama ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka ubavuni karibu na ringi. Uwe umbali uleule kutoka kwenye ringi pande zote mbili. Mahali unapozama, waya bado uko mferejini. Toa upepo, pavute kwa viganja, jaza tena. Hapo ndipo mafundi wenye haraka wanaporuka, na mteja anaondoka gurudumu likimdundisha.

Upepo soma kipimo ubavuni usikizidi, lakini usiendeshe likiwa limelegea. Breki zako zinabana ringi, si tairi. Tairi likilegea, ukifunga breki ringi inasimama huku tairi likiteleza juu yake na kuvuta tyubu. Ukiona vali imelala upande, hiyo ndiyo dalili. Ukiiacha itang'oka shinani, na shina la vali halizibiki kwa kiraka.

Na likizo ukija nayo huku Tanga, usiiegeshe Sahare ufukweni kutwa nzima bila kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi inaingia pale mpira wa ukingo ulipochubuka, waya unaota kutu taratibu, na siku moja unakatika bila taarifa. Tairi lenye waya uliokatika halishonwi, ni la kutupa au la kukatia ndara.

Hilo la 635 usilitupe wala usimrudishie muuzaji kwa ugomvi. Mpe kondakta aniletee, lining'inizwe wazi. Usilikunje kwa nguvu, waya ukipinda kona haunyooki tena sawasawa. Kuna mzee wa Duga ana Phoenix, kaniulizia tairi la mbele mara mbili mwezi huu. Pesa yake nitakutumia kwenye simu, utoe gharama ya tyubu uliyopoteza. Mama yako anauliza kama unga wa muhogo ulifika salama.

Wasalaam,
Baba yako