Wale askari watatu wa Colito

Mhariri,

Konda akiita "Lugalo, Lugalo!" abiria wengi hawajui kwamba kambi ile ya jeshi zamani iliitwa Colito. Wachache wanaolikumbuka jina hilo hulitaja kwa maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 tu. Colito ni mji wa Ethiopia. Jina lake lilifika Dar es Salaam kwa sababu kikosi cha 1/6 cha Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), kikosi cha Tanganyika, kilipigana huko tarehe 19 Mei 1941.

Siku hiyo ndiyo iliyompatia Sajenti Nigel Leakey nishani ya Victoria Cross, kubwa kuliko zote katika jeshi la Uingereza. Alikuwa Mzungu mzaliwa wa Kenya, wa ukoo mmoja na Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale wa Olduvai. Kombania mbili zilikwisha kuvuka mto Billate pale vifaru vya Waitaliano vilipochomoza vichakani. Leakey alikuwa kwenye mota, ile bomba ya kurushia mabomu, na mabomu yalikuwa yamemwishia. Akarukia kifaru kimoja, akafungua kifuniko cha juu, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha akipeleke mafichoni. Akajaribu kuufyatua mzinga wake, ukagoma. Akashuka, akavifuata vingine kwa miguu. Viwili vikampita, akadandia cha tatu, akamuua mmoja ndani yake, na hapo bombomu ya kifaru cha nne ikamwangusha.

Sina ubishi na nishani yake, hata kama Waingereza walingoja hadi Novemba 1945 kuitangaza. Ninachong'ang'ania ni maneno machache ndani ya maelezo rasmi ya nishani hiyo. Yanasema alipokwenda kuvinyemelea vifaru alifuatana na sajenti meja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi, yameishia hapo. Bila jina, bila namba. Na watu hao walikuwa wanafuata vifaru kwa miguu, chini ya risasi zilezile.

Wala sidhani karani alipitiwa na usingizi. Ndivyo mambo yalivyopangwa: Keya walikuwa na DCM (nishani ya ushujaa) yao ya Kiafrika, mbali na ile ya askari wa Uingereza, na utaratibu huo ulikoma mwaka 1942. Victoria Cross haikumfikia askari Mwafrika hata mmoja wa Keya: si Colito, si Madagascar, si Burma.

Sasa ombi langu. Nyota za vita walizogawiwa wengi hazikuandikwa jina, ila nishani za ushujaa, kama DCM na MM (Military Medal), huchorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Mwenye nishani ya babu sandukuni asikimbilie kwa sonara. Aisome ukingo kwanza, kwa lenzi ikibidi, kisha awaandikie. Nanyi mtupe nafasi hata ya safu moja kwa wiki tuyachape majina hayo.

Lugalo libaki Lugalo. Wahehe walilipata jina hilo kwa damu mwaka 1891, walipomwangusha Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Lakini kibao kidogo langoni kikisema hapa paliitwa Colito, na kwa nini, kitamdhuru nani? Nafasi ya majina matatu iachwe wazi. Kama sajenti meja yule alikuwa mtu wa kwenu, tafadhali jitokezeni.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam