Hivi nyumba zetu za Dar tunazijenga kwa ajili ya nchi gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi ujenzi hapa Dar na kuna kitu kinanikera siku nyingi. Wateja wa siku hizi wengi hawaji na ramani, wanakuja na picha kwenye simu, unaoneshwa mjengo mweupe, vioo kuanzia sakafuni mpaka juu, bati limefichwa, ukuta umenyooka hauna hata kipande cha paa kilichotokeza nje, uwanjani nyasi tupu hakuna mti hata wa dawa. Bosi anasema fundi nataka hivi hivi, usibadilishe kitu. Ukimuuliza hii nyumba iko wapi hajui, na anashangaa kwa nini unamuuliza.

Mimi naona hilo ndio swali la kwanza kabisa. Nyumba ya vioo vile ina maana kwa watu wanaolitafuta jua. Chukua London, mwezi wa 12 kule jua linachomoza saa 2 asubuhi na kabla ya saa 10 jioni limeshazama, na hata saa 6 mchana liko chini chini tu halipandi, sasa mtu wa huko akiweka kioo kikubwa upande wa kusini anaingiza lile jua ndani limsaidie kupasha nyumba moto, yaani kwake kioo ni hita ya bure. Sisi tuko latitudo 7 hivi kusini mwa Ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa 3 na tena mwezi wa 10, na jioni linakuja limelala linapiga ukuta wa magharibi mpaka saa 12. Ukiweka kioo kikubwa upande huo bila kivuli umejenga oveni, afu unaenda kununua AC mbili za kupambana na oveni yako mwenyewe.

Na wala sio lazima uende Ulaya kuelewa kwamba kila nchi ina nyumba yake. Panda basi la Mbeya asubuhi pale Mbezi uangalie dirishani badala ya kuangalia simu. Unaanza na minazi na miembe na jasho, ukipita Morogoro unaingia Mikumi kwenye nyasi na migunga na tembo, mbele kidogo unashuka bonde la Ruaha pale Mbuyuni, joto kavu, mibuyu kila upande, kwa sababu milima ya Udzungwa imesimama upande wa baharini na upepo wenye maji unamwaga mvua kulekule Kilombero, ukifika ng'ambo hii umebaki mkavu. Hapohapo unapanda Kitonga, na ukifika Iringa watu wamevaa masweta. Hujasogea sana kutoka Ikweta, umepanda tu juu, zaidi ya mita 1,500, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi. Halafu Mafinga na misitu ya misonobari, Makambako na upepo wake, na ukikata kushoto pale Uyole kwenda Tukuyu unakuta migomba na chai na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo yote ni safari ya siku moja! Watoto wanakaririshwa shuleni majina ya kanda za dunia wakati nusu ya somo liko dirishani kwenye basi.

Sasa twende kwenye nyumba. Ukipinda pale Morogoro ukaenda Dodoma utakuta tembe la Mgogo, nyumba fupi, paa bapa la miti na udongo, kuta nene. Watu wa mjini wanalicheka, wanaona umaskini. Mimi kama fundi nalivulia kofia. Dodoma inapata mvua karibu milimita 600 tu, tena zinakuja kwa msimu mmoja, kwa hiyo paa la udongo linadumu, miti mirefu ya kenchi, yaani ya kubebea paa la mgongo, ni ya shida, upepo ni mkali kwa hiyo nyumba fupi haung'oi, na kwa kuwa hewa ni kavu mchana unachoma lakini usiku unapoa kwelikweli, basi ule ukuta mnene unachelewa kupata moto mchana na usiku unatoa joto taratibu wakati nje kuna baridi. Lipeleke tembe hilohilo Tukuyu uone, msimu mmoja tu limekuwa tope.

Ukuta mnene huo ndio utaukuta jangwani kote. Hewa iliyopanda na kumwaga mvua huku Ikweta inakwenda kushuka tena kwenye latitudo 30 hivi, ikishuka inapata joto na kukauka, ndio maana Sahara iko pale, Uarabuni pale, na huku kusini Kalahari. Watu wa Ghuba na Uajemi wakaongeza na minara ya kunasa upepo juu ya paa ili uingie vyumbani. Wala miti ya kuezekea hawakuwa nayo, boriti za mikoko zilitoka huku kwetu, Rufiji na Lamu, zinapakiwa majahazini zinasubiri kusi, ule upepo wa kutoka kusini, liyapeleke majahazi kaskazini. Boriti zenyewe hazizidi sana mita 3, kwa hiyo upana wa vyumba vya watu wa kule Ghuba ulipimwa na mti uliokatwa kwenye matope ya Rufiji. Jambo hilo linanifurahisha mpaka leo.

Na baridi nayo ina mafundi wake. Kuna mji unaitwa Yakutsk, Siberia, Urusi, mwezi wa kwanza kushuka nyuzi 40 chini ya sifuri ni kawaida tu. Chini ya mji ardhi imeganda mwaka mzima, kwenda chini mamia ya mita. Ukijenga msingi kama wetu, joto la nyumba linashuka linayeyusha ile barafu, udongo unalegea na nyumba inakaa upande. Kwa hiyo majengo yao makubwa wanayasimamisha juu ya nguzo zilizozamishwa kwenye ile ardhi iliyoganda, chini ya nyumba wanaacha uwazi hewa ya baridi ipite. Yaani sisi tunahangaika kukinga joto la nje lisiingie, wao wanahangaika joto la ndani lisishuke chini. Hakuna mtu timamu angechukua ramani ya Yakutsk akaijenga Kimara, lakini ya London tunaichukua bila wasiwasi.

Haya, Dar yenyewe. Joto letu sio la Dodoma. Hapa tatizo ni unyevu, mwezi wa 1 na wa 2 jasho halikauki mwilini, na usiku haupoi vya kutosha, kwa hiyo hata ukuta mnene haukusaidii sana, unabaki na joto lake mpaka alfajiri. Dawa ya pwani ni mbili tu, kivuli na upepo. Na upepo tunao wa bure, kaskazi kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3, halafu kusi linachukua zamu mpaka karibu mwezi wa 10. Wazee walilijua hilo. Angalia zile nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo na Magomeni, baraza mbele lina kivuli, korido imenyooka katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku, ukifungua milango yote miwili upepo unapita moja kwa moja. Paa lina mgongo mkali kwa ajili ya masika na limetokeza nje ya ukuta, mvua haipigi dirisha na jua halifiki kirahisi. Aliyeijenga pengine hakukanyaga chuo chochote.

Sisemi turudi kwenye makuti, moto ukitokea mtaa mzima unaondoka. Nasema ile akili irudi. Nyumba ikae urefu wake mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini ambako bati likitokeza hata mita moja tu linatoa kivuli cha kutosha, upande wa magharibi weka stoo na choo. Vyumba viwe na dirisha pande mbili. Acha mwembe uliokuwepo kiwanjani jamani, mbona mnaanza kwa kukata mti halafu mnaniuliza nyavu za kivuli zinauzwa wapi. Na hizi pavingi za uwanja mzima nazo ni balaa, mchana zinarudisha joto ndani, masika maji hayana pa kunywea yanakimbilia kwa jirani wa bondeni.

Najua nitajibiwa kwamba kuna wezi na mbu, ndio maana watu wanafunga madirisha na kuinua uzio. Hoja ya kweli hiyo, siipuuzi. Lakini wavu na nondo vinaupunguza tu upepo, kinachouzuia hasa ni uzio wa tofali tupu unaoupandisha mpaka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Weka matofali ya matundu sehemu ya juu, bei haipishani kiasi cha kugombana.

Ombi langu kwa wanaopitisha ramani na kutoa vibali vya ujenzi mjini ni dogo, kwenye ile ramani kuna mshale wa kaskazini, wawe wanauangalia. Na mafundi wenzangu wa Tanga, Lindi na Mtwara, ambako unyevu ni huuhuu wetu, naomba mwandike humuhumu mnawaambiaje wateja wa picha za kwenye simu, maana mimi wengine wananiona nakwepa kazi.

Fundi mwashi,
Tabata, Dar es Salaam