Nimelipia tuta la mita nne, mbona maji yanaishia mita tatu?

Swali hili sisi wajenzi wa mabwawa ya udongo hapa Tabora tunaulizwa kila mwaka mvua zikishachanganya. Safari hii mteja wetu wa upande wa Nzega ameliuliza kwa ukali, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwamba tumemwibia mita nzima. Bwawa limejaa, maji yamefika kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, na yanamwagika kwenda korongoni, huku juu yake tuta limebaki kavu mita moja. "Maji yangu mnayamwaga," akasema. "Na hilo tuta la juu nimelilipia la nini?"

Mzee wetu, mita hiyo ndiyo inayolinda bwawa lako. Mvua kubwa ikipiga huko juu, maji hupanda kabla ya kupita yote utoroni. Yakipita kwa kina cha nusu mita, umebakiwa na nusu mita. Hapo toa mawimbi ya upepo, toa na tuta lenyewe kushuka, maana udongo hata ushindiliwe vipi, miaka ya mwanzo lazima ukae chini kidogo. Anayekuahidi bwawa la bei poa bila nafasi hiyo, mwambie aje ajenge nyumba yake chini ya tuta.

Kinachofuata baada ya malalamiko tumeshakizoea. Mteja anasubiri tuondoke, kisha anaziba utoro kwa viroba vya mchanga. Hesabu yake si ya kijinga. Bwawa likiwa na hekta moja ya maji juu, nusu mita ni kama lita milioni 5, na mwenye ng'ombe wengi hawezi kuzidharau. Tatizo ni kwamba ametumia nafasi ileile ambayo mafuriko yangeihitaji.

Mteja wa Uyui alifanya hivyo. Mvua ya Februari ikaja usiku, na wala viroba havikusogea. Alivipanga vizuri kweli. Maji yalitafuta sehemu ya chini kuliko zote kichwani mwa tuta, pale ng'ombe walipozoea kuvuka na kwato zikawa zimekula udongo kiasi cha kiganja. Yakapita hapo, yakaanza kuchimba mteremko wa nje, yakarudi nyuma yakila tuta kuelekea bwawani. Kulipokucha pengo lilikuwa la kupitisha tipa. Majaruba ya majirani yamefunikwa mchanga, mpunga umelala. Akalipa mpunga wa watu, halafu akatuita.

Na hapo ndipo bei yetu inapogeuka ugomvi: "Si pengo tu? Mwageni udongo." Pengo halizibwi hivyo. Tunakata kingo zote mbili mpaka tukute udongo mgumu wa zamani, tunazichonga ngazi ngazi ili udongo mpya ushikane na wa zamani, tunamwagia maji kwa boza, tunashindilia kwa rola tabaka moja la sentimita 15 hadi 20, ndipo linakuja lingine. Wenye katapila wanaosukuma udongo mkavu wa Agosti na kumaliza haraka wanakupa lundo. Sisi kabla ya rola kupita tunachukua udongo mkononi na kuuviringisha hadi unene wa penseli. Ukivunjika mapema, ni mkavu. Ukinata viganjani, umezidi maji. Dizeli na boza ndivyo vinavyokula hela yako, na tuta ndiko hela hiyo inakobaki.

Wafugaji wa samaki nao wana yao: wavu utoroni ili perege wasitoroke. Majani na matawi yakijaa kwenye wavu, utoro umezibwa sawasawa na viroba. Mkulima wa Urambo, kwa ajili ya vitalu vyake vya tumbaku, alimwita fundi bomba akapitisha bomba katikati ya tuta na kufukia kwa jembe. Maji yakafuata bomba kwa nje, yakatoka na udongo.

Kwa hiyo ukaguzi tunaoutoza si ujanja wa kurudi mfukoni mwako. Tunakuja kabla ya mvua za Novemba, na tena bwawa likijaa. Tunatazama nyufa, vichuguu, miti iliyoota tutani, kisha tunashuka mguu wa tuta upande usio na maji. Tukikuta panapovuja tunakinga kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi. Maji maangavu tunayapima na kuyaandika. Yakiwa na tope, tunaanza kupunguza bwawa siku hiyohiyo, kwa sababu tuta linaondoka kidogo kidogo kutoka ndani.

Kuhusu kibali, tusilaumiane. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa pia, na kuwa kwenye shamba lako hakukutoi humo. Mito inayoelekea Malagarasi iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi Kigoma. Igunga, maji yanakokwenda Wembere, ni Bonde la Kati. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, Nakuru, Kenya, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Walikuwa majirani wa chini. Kabla ya kuchora chochote tunatembea bondeni kuangalia nani anaishi huko, na muda huo pia umo kwenye bei.

Ukitaka maji zaidi, chimba ndani. Jua la hapa Tabora, Mei hadi Oktoba, linakausha karibu mita nzima au zaidi, na maji yaliyotandaa juu ndiyo yanayokwenda kwanza. Septemba maji yakiwa chini, tunaingiza kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na kutoa tope, bila kugusa mguu wa tuta. Tope hilo usituombe tulipandishe tutani; linafaa bustanini. Bei tunaitoa baada ya kufika na kupima, si kwa simu.