Risala ya Kikundi cha Vijana Waongoza Wageni Katikati ya Jiji la Dar es Salaam kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, walimu na wageni waalikwa, Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kujumuika nasi, na tunathamini zaidi kwamba umefika mwenyewe bila kutuma mwakilishi.

Kikundi chetu huwatembeza wanafunzi na wageni kwenye majengo ya kale, kuanzia Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, Kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, hadi Mnara wa Saa uliojengwa Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Mafanikio ni makubwa: tumefungua akaunti benki, tumenunua kipaza sauti cha mkononi, na wanachama karibu wote sasa wana fulana za sare.

Pamoja na mafanikio hayo, ipo changamoto moja, ambayo kwa kweli ndiyo iliyotufanya tukualike. Wageni huulizia Sanamu ya Askari kuliko kitu kingine chochote. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, inamwonyesha askari akielekeza singe ya bunduki yake bandarini, na chini yake yapo maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa hati za Kiarabu na za Kilatini. Ukisimama ng'ambo ya barabara huwezi kusoma hata neno moja. Kwa kuwa sanamu iko katikati ya kipilefti, mwalimu mwenye darasa zima huchagua ama kuwavusha watoto mbio kati ya daladala na bodaboda, ama kuwapanga mbele ya maduka huku sisi tukiwasomea maandishi hayo kwa kipaza sauti tulichokitaja.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi kivuko cha waenda kwa miguu, kisha akapigwa picha nzuri chini ya sanamu, magari yakiwa yamesimamishwa kupisha msafara wake. Aliyemfuata alituletea mafundi, nao walipima kwa utepe na kuchora mistari ya chaki, ambayo mvua iliyofuata iliiondoa. Wote wawili tunaendelea kuwaheshimu.

Tunaomba kivuko kimoja chenye rangi ya kudumu, matuta pande zote mbili na kibao cha kuwatahadharisha madereva. Nakala za risala hii ni mbili: moja ni yako, na nyingine ina nafasi ya tarehe na saini yako, ambayo tungeomba kuipokea kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi