Pasaka njema kutoka Stamford, na samahani kwa urefu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, familia, marafiki, na nyinyi wote wa grupu mnaosema kila mwaka salamu zangu hazina tofauti na mahubiri. Kristo amefufuka! Mwaka huu pia nivumilieni.

Kwanza poleni na hali ya maisha. Nasikia bei ya unga na mafuta ya kupikia huko nyumbani, na huku nako msidhani dola zinaokotwa barabarani, kodi ya nyumba imepanda mpaka mtu anafanya shifti mbili na bado anakopa. Atakayechinja mbuzi mwaka huu ashukuru Mungu, na asipige picha nyingi.

Ijumaa Kuu nilienda First Presbyterian hapa Stamford, Connecticut. Watu huliita Kanisa la Samaki, maana ukilitazama kutoka nje lina umbo la samaki kabisa. Ushirika ulianza 1853 lakini hili jengo ni la 1958, lilichorwa na Wallace Harrison, yule yule aliyeongoza wasanifu wa makao makuu ya UN kule New York. Sisi tuliolelewa PCEA, yaani Presbyterian ya huko nyumbani, ya mabati na madirisha ya vyuma, ukiingia humo unanyamaza tu. Kuta zimeinama kuelekea juu, zote zege na vioo vya rangi, ni kama Yona alivyokaa tumboni, ila hili tumbo lina mwanga.

Vioo vimetengenezwa na Gabriel Loire, Mfaransa wa karibu na Chartres, vipande zaidi ya 20,000! Na si vile vyembamba vinavyoungwa kwa madini ya risasi, hivi vina unene wa kama inchi moja, fundi anavigonga nyundo ukingoni vibanduke ili mwanga ucheze, halafu vinamwagiwa zege pembeni. Huyu huyu Loire ndiye aliyetengeneza vioo vya buluu vya kanisa jipya la Kaiser Wilhelm kule Berlin, lililojengwa kando ya gofu la lile la zamani lililopigwa mabomu vitani.

Upande mmoja ni kusulubiwa, upande wa pili ni kufufuka. Wala usitafute picha ya Yesu wa kalenda, ukitazama haraka huoni mtu yeyote, ni rangi tu, lazima ukae.

Basi nikakaa upande wa kusulubiwa. Mnajua Agosti tulimzika mama na mimi sikuja, karatasi zangu zilikuwa hazijatoka, nikamzika kwenye simu, netiweki ikikatika kila wanapoimba, na nilipoona tena picha kaburi lilishafunikwa. Hiyo sijawahi kuwaandikia. Mama wa Guild, chama cha akina mama kanisani, hakukosa Pasaka hata moja, na mimi mtoto wake nilikuwa jikoni kwa watu naangalia skrini.

Na tangu siku ile kila mtu ananiambia yuko mahali pema, jipe moyo, songa mbele. Asanteni, najua ni upendo. Lakini ndugu zangu, mbona tunakimbiza watu hivi? Hata Bwana mwenyewe alilala kaburini mpaka siku ya tatu, na kina Mariamu walikuja wakilia na manukato yao, hakuna aliyewakemea kwa kulia! Ukiwa na jirani aliyefiwa mwaka huu, au kijana aliyepoteza kazi, usimpelekee aya ya Biblia kwenye WhatsApp ukadhani umemaliza, nenda, beba sukari, kaa naye, kama hamna la kusema nyamazeni wote wawili. Jumapili yake itafika, haifiki kwa kusukumwa na wewe. Wazee wa kanisa nanyi mnisikie, michango ni mizuri lakini mjane anataka pia kutembelewa baada ya mazishi, turubai zikishaondolewa.

Haya nimeshahubiri tena. Nawatakia nyote Pasaka yenye amani, afya, baraka na heri tele, watoto wafaulu, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama. Shangazi, ukipita kwa mama nipandie maua, nitatuma pesa Jumatatu.