Kuhusu nyufa za bodi ya Victoria yako

Mwanza

Mpendwa Baba Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Rehema na kwa watoto wote hapo Musoma. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata pamoja na picha za meli yako ya mfano, ile Victoria ya Ziwa letu unayoiunda kwa mbao, nami nimezitazama kwa furaha kubwa, kwa maana umezipanga mbao zake vizuri kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, na hata pale chini zinapojikunja kuufuata mkuku, ule uti wa chini wa meli, sioni ubao uliolazimishwa. Umeniuliza kama sasa, ili kuziba nyufa nyembamba zilizobaki kati ya mbao, uipake puti bodi yote, uipige msasa, kisha upulize rangi. Nakuomba usianze hivyo.

Kabla hujagusa ufa wowote kwa nje, shughulikia ndani wakati sitaha bado haijafungwa. Ubao hutanuka kwa upana wake unapovuta unyevu na hunywea unapokauka, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa tunajua hewa ya masika ilivyo tofauti na ile ya Julai. Ukiziba kwa nje tu, mbao zitaendelea kupata unyevu kwa ndani, zitacheza, na baada ya muda mistari ileile itajichora juu ya rangi uliyoihangaikia. Chagua basi siku za jua, iache bodi ikauke vizuri kivulini, halafu pakaza ndani vanishi iliyozimuliwa kwa tina ili ipenye katika mbao, na juu yake mkono mwingine mzito kidogo. Hakikisha inafika kwenye pembe ambako mbao zinakutana na mataruma, yaani mbavu za meli. Kwa maoni yangu hii ndiyo nusu ya kazi yote ya kuziba nyufa, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haionekani.

Jirani yako anasema kwamba ufa mwembamba kama huo hauna neno, kwa kuwa mitumbwi yote ina mistari. Kama ungekuwa unatengeneza mtumbwi wa dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, ningekubaliana naye, maana mtumbwi wa kweli ni wa mbao, nafasi kati ya mbao zake zimezibwa kwa pamba, na mistari yake ni sehemu ya sura yake. Lakini Victoria ni meli ya chuma, iliyotengenezwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande na kuungwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Umeniambia kwamba unatumia kipimo cha moja kwa mia. Ufa wa nusu milimita kwenye meza yako ni sawa na sentimita 5 kwenye meli yenyewe, na hakuna meli ya chuma inayoelea na ufa wa namna hiyo.

Sasa nyufa zenyewe. Pale ambapo ncha ya kisu inaingia bila kusukumwa, usitumie puti kabisa. Chonga kijiti chembamba cha paini ileile ya mbao zako, kipake gundi ya mbao isiyoogopa maji, kiingize, kisha ukisawazishe kikishakauka. Unga wa msasa uliochanganywa na gundi nyeupe, ambao umenitajia, unafaa kwenye kazi ya kupakwa vanishi ambapo rangi ya mti itaonekana. Hapa sikushauri, kwa sababu gundi hiyo hujaza msasa utando, na ile ya kawaida hulainika ikikaa majini.

Kwa nyufa za wastani tumia puti ya gereji, ile inayokuja na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Gramu 2 za hadina zinatosha gramu 100 za puti, na ukizidisha, hadina inaweza kupenya hadi juu na kuitia rangi madoa. Kwa joto letu huganda upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Iingize kwa kipande cha kadi ya plastiki, ukikivuta kuukata mstari wa ufa, si kuufuata, kwa sababu ukiufuata kadi huichota puti iliyokwisha kuingia. Kisha kwangua mara moja ile iliyobaki juu. Puti hiyo ikikauka huwa ngumu kuliko paini, na ukiipiga msasa kwa vidole, vidole vitachimba mti laini pande zote mbili na kuiacha puti imeinuka katikati kama tuta. Zungushia msasa namba 240 kwenye kibao kilichonyooka, na pale penye mzingo tumia kipande cha mpira mgumu. Ziba pua na mdomo, maana vumbi lake ni baya.

Nyufa za unywele ziache hadi upulize mkono wa kwanza wa praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, kwa kuwa kabla ya hapo rangi ya mti inazificha. Praima ikikauka, puliza juu yake ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi, halafu pitisha kibao chenye msasa namba 400 kwa mkono mwepesi. Weusi utaondoka kwenye sehemu zote zilizo sawa na kubaki kwenye mabonde tu, nawe utaona kila ufa umejichora kwa mstari mweusi. Hizo ndizo za kujaza kwa puti laini ya kopo moja, isiyochanganywa na hadina. Puti hii hunywea kadiri tina yake inavyopotea, kwa hiyo ipake nyembamba, isubiri, upake tena. Rudia praima na weusi hadi usibaki mstari.

Usiharakishe kupuliza rangi ya mwisho. Tina iliyonaswa ndani ya puti huendelea kutoka polepole, na ikitoka rangi ikiwa tayari juu, puti huzama na mstari hurudi. Ukiisogeza pua karibu kabisa na bodi na usisikie tena harufu ya tina, endelea.

Nitumie picha baada ya ule weusi wa kwanza, iliyopigwa taa ikiwa pembeni ili vivuli vionekane, nami nitakuandikia nionavyo, hasa kuhusu tezi, ambako kwenye picha hizi sikuona vizuri.

Wako,
Baba Joeli