Mhariri, kwenye habari ya Champaran mmemsahau mwandishi mwenzenu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya Gandhi na wakulima wa Champaran kule India mwaka 1917, na sikatai ni nzuri, ila imeenda kama ngano, mzee kashuka kwenye treni, kaongea, wazungu wakanywea, wakulima wakawa huru, kwisha habari. Sasa mi nimefanya kazi masjala ya ardhi mpaka nimestaafu, na mtu wa masjala ukimpa hadithi ya namna hiyo cha kwanza atakuuliza faili liko wapi. Na faili lipo, tena ndo hilo lililofanya kazi yote, kwahiyo naomba nafasi kidogo.

Champaran iko kaskazini kabisa ya jimbo la Bihar, ukivuka mpaka ni Nepal. Waingereza waliimega kutoka wilaya ya Saran mwaka 1866, alafu India huru nayo ikaikata vipande viwili mwaka 1971, Mashariki makao yake Motihari na Magharibi makao yake Bettiah. Ardhi tambarare, mto Gandak na vijito vyake vinaleta rutuba na mafuriko kwa pamoja, watu wanalima mpunga, ngano, mahindi, miwa. Ni shamba tupu. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 kwenye ile ya Mashariki peke yake, na zaidi ya tisa kati ya kumi wako vijijini.

Makala yenu inasema wakulima "walilazimishwa kulima nili", ule mmea wa kutoa rangi ya buluu. Kweli, ila nani aliwalazimisha na kwa kalamu ipi? Hapo ndo utamu ulipo. Sehemu kubwa ya wilaya ilikuwa mali ya mwinyi mmoja, ile wanaita Bettiah Raj. Hawa mamwinyi walipata nguvu zao kwenye mpango wa gavana mkuu wa Waingereza, Lord Cornwallis, wa 1793, serikali ikawaambia leteni kodi kiasi hiki kila mwaka na nyie mkusanye kwa wakulima mnavyojua. Bettiah wakaishi kifalme mpaka wakazama kwenye madeni, miaka ya 1880 wakachukua mkopo mkubwa London, na ili deni lilipike wakawakodisha vijiji wazungu wenye viwanda vya nili, tena vingine kwa mkataba wa kudumu. Maharaja akafa 1893 bila mtoto, 1897 serikali ikaichukua milki nzima chini ya idara ya kusimamia mali za wasiojiweza. Kwahiyo mzungu wa kiwanda hakuwa mnunuzi tu wa mazao, yeye ndo mwenye kijiji, kodi ya shamba unampelekea yeye, ukimkatalia nili anakubana kwenye kodi, na ukienda kushitaki ofisi ya wilaya unamkuta ofisa anayecheza naye tenisi klabuni.

Sheria yenyewe waliita tinkathia. Bigha moja ya ardhi, kipimo cha kule, ina kattha 20, na kwenye kila 20 lazima 3 upande nili, tena kiwanda ndo kinachagua ni kipande gani, na hakichagui cha mawe. Bei wanapanga wao kwa ukubwa wa shamba. Ukishavuna mzigo unaenda kiwandani, majani yanaloekwa usiku kucha kwenye mabirika ya matofali, maji yanafunguliwa kwenda birika la chini, vibarua wanaingia mpaka kiunoni wanayapiga kwa mbao masaa kadhaa mpaka yabadilike rangi na matope ya buluu yatue chini, yanachemshwa, yanakamuliwa, yanakatwa vipande kama sabuni za kufulia, yanaanikwa. Hapo ndo mzigo wa kwenda Kalkata na Ulaya.

Alafu 1897 Wajerumani wa BASF wakaingiza sokoni nili ya maabara. Sisi wa Tanga hii stori tunaijua, mkonge wetu na nailoni. Bei ikaporomoka, na hapa ndo makala yenu imeruka kitu cha maana kuliko vyote. Ungedhani nili ikikosa soko mkulima anapumua, kumbe wale jamaa wakamuuzia uhuru wake! Wakamwambia sawa, tunakufungua na nili, ila kodi ya shamba inapanda, hiyo wakaiita sharahbeshi, na kwenye vijiji ambavyo mkataba wao na mwinyi ulikuwa wa muda wakadai fidia ya mkupuo, hiyo ikaitwa tawan, asiye na hela anaandikiwa deni na riba juu. Yaani hasara ya kiwanda ikahamishiwa kwa mtu mwenye jembe, na yote haya kwa maandishi, maelfu ya mikataba ya sharahbeshi ilisajiliwa na wasajili wa serikali, muhuri juu, dole gumba chini. Mi nikisoma hapo huwa naona aibu ya kazi yangu. Karani hakumpiga mtu, kagonga muhuri tu.

Na kulikuwa na vitozo vingine ambavyo hata kwenye mikataba hiyo havikuwemo. Bwana akinunua tembo, kijiji kinachangishwa hathiahi. Akinunua farasi, kuna ghorahi. Akinunua motokaa nayo ina mchango wake. Baba yako akifa ukitaka shamba liandikwe jina lako, unalipa bapahi-putahi. Vilikuwa haramu kisheria na ofisi ilijua.

Sasa vita ya 1914 ikaja, rangi ya Mjerumani ikakatika, bei ya nili ya shamba ikafufuka, wenye viwanda wakataka watu warudi shambani. Ndo hali aliyoikuta Gandhi.

Lakini hakuikuta kimya, Mhariri, na hili ndo lililonifanya nishike simu niandike. Miaka ya 1907 na 1908 watu wa kule Sathi, akina Shaikh Gulab na Sital Rai, walishagoma kulima nili wakafungwa. Alafu kulikuwa na mwalimu mmoja wa Bettiah, Pir Muhammad Munis, huyu alikuwa anatuma habari za wilaya kwenye gazeti la Pratap kule Kanpur, habari baada ya habari, nani kapigwa, nani kanyang'anywa ng'ombe, kiwanda gani. Wakamfukuza ualimu. Akaendelea kuandika. Makala yenu ya kurasa mbili nzima haina jina lake hata mara moja! Nyie watu wa magazeti mnamsahau wa kwenu? Mtu aliyekuwa anaripoti kutoka wilayani bila mshahara wakati wahariri wa miji mikubwa hawajui hata Bettiah iko wapi.

Na Raj Kumar Shukla mmemtaja mstari mmoja, "mkulima aliyemwalika". Sio kumwalika, alimganda. Alikuwa ana ugomvi wake na meneja wa kiwanda cha Belwa, akaenda mpaka Lucknow kwenye mkutano wa chama cha Congress Desemba 1916, Gandhi akamwambia sijui habari hizo, siwezi kusema kitu nisichokiona. Jamaa akamfuata Kanpur, akamfuata mpaka kwenye ashram yake, kule anakoishi na wafuasi wake, mwisho wakakutana Kalkata Aprili 1917 wakapanda treni. Wakafika Patna kwenye nyumba ya wakili Rajendra Prasad, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa India, mwenyewe hayupo, watumishi hawamjui Gandhi wala tabaka lake la kuzaliwa, wakamkatalia hata choo cha ndani. Huyo ndo mkombozi anavyopokelewa.

Tarehe 16 Aprili Gandhi kapanda tembo anaenda kijijini kumwona mkulima aliyeonewa, katikati ya njia polisi anawafikia na baiskeli, bwana mkubwa wa wilaya anakuita. Bwana mkubwa mwenyewe W.B. Heycock, hakimu wa wilaya, kashapewa maneno na kamishna wake Morshead, amri ikatoka aondoke Champaran kwa treni ya kwanza. Akakataa, tarehe 18 akasimama mahakamani Motihari akasema ndio nimevunja amri. Uwanja umejaa watu. Siku chache baadae kesi ikafutwa kwa maagizo ya juu. Hapa makala yenu imefika kilele na kupiga makofi.

Kumbe kazi ndo inaanza. Mawakili wa Bihar, akina Rajendra Prasad, Brajkishore Prasad, Anugrah Narayan Sinha, na J.B. Kripalani naye yumo, wakakaa chini wakageuka makarani. Kutwa nzima mkulima anakuja, anaeleza, anaandikwa, na hawaandiki tu, wanamhoji kwa maswali ya kumgeuza, anayejikanyaga maelezo yake hayapokelewi. Maaskari kanzu wanakaa pembeni wanasikiliza na Gandhi akakataa wafukuzwe. Maelfu ya maelezo yalichukuliwa namna hiyo. Fikiria foleni hiyo, mtu katembea toka alfajiri kuja kusema alitozwa hela kwasababu bwana kanunua tembo, na wakili wa Patna anamuuliza mwaka gani, kiasi gani, nani alipokea, shahidi nani. Hotuba serikali inaweza kuzipuuza, lakini rundo la maelezo yaliyohojiwa namna hiyo unalipuuza vipi?

Juni 1917 luteni gavana Edward Gait akaunda kamati, mwenyekiti F.G. Sly, na Gandhi akawekwa mjumbe. Na ndani ya serikali yenyewe kulikuwa na karatasi zilizokuwa zinamuunga mkono mkulima, maana upimaji upya wa ardhi ulikuwa umeanza 1913 na ofisa wake, Sweeney, alikuwa anazo takwimu za sharahbeshi kijiji kwa kijiji. Maelezo ya wakulima na daftari la mpima vikakutana mezani. Oktoba ripoti ikatoka, 1918 ikawa sheria, tinkathia ikafutwa.

Alafu mngesema na matokeo yenyewe basi. Kodi haikurudi ilipokuwa, ile nyongeza tu ndo ilipunguzwa asilimia 26 kwa viwanda vya Motihari na Pipra, na 20 tu kwa Turkaulia. Ile tawan iliyochukuliwa, mkulima akarudishiwa robo. Robo! Gandhi alikubali kwa hoja kwamba kinachotakiwa ni wenye viwanda kuonekana wameshindwa, hela sio ishu. Mi kwa maoni yangu hoja ni ya mwanasiasa mzuri, ila aliyeuza ng'ombe kulipa tawan angependa aulizwe.

Ardhi pia haikugawiwa. Waliokuwa wakubwa wakabaki wakubwa, umwinyi ulikuja kufutwa na sheria ya Bihar ya 1950 na hata hapo mashamba makubwa mengi yalipona kwa kuandikishwa majina ya ndugu. Miaka ya 1930 serikali ilipoanza kulinda sukari ya ndani kwa ushuru, viwanda vya sukari vikaota kama uyoga, mkulima akatoka kwenye nili akaingia kwenye miwa. Kwa muda ilikuwa neema. Baadae viwanda vikaanza kuchoka, cha Motihari kikafungwa na cha Chakia nacho, wafanyakazi na wakulima wanadai. Tarehe 10 Aprili 2017, siku ambayo nchi nzima inasherehekea miaka 100 tangu Gandhi afike Bihar, wafanyakazi wawili wa kiwanda cha sukari cha Motihari walijichoma moto kwenye maandamano ya kudai malimbikizo yao. Wakafa wote wawili. Makala ya kumbukumbu ya Champaran isiyo na habari hiyo mi naiona nusu.

Vingine vidogo vipo vinasukuma maisha. Pale Mehsi kwa mfano watu walikuwa wanatengeneza vifungo vya shati kutokana na magamba ya chaza wa mtoni, toka mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka vifungo vya plastiki vikawapunguza, nako kuna bustani za matunda ya litchi. Vijana wengi ndo hivyo wanapanda treni kwenda Punjab na Delhi kutafuta vibarua, wengine Ghuba.

Utawala nao haujabadilika sana kama mnavyofikiri. Bado yupo hakimu wa wilaya, wanamwita DM, kiti kile kile cha Heycock, siku hizi anakaa mhindi aliyefaulu mtihani wa taifa, ardhi kwake, mafuriko kwake, uchaguzi kwake. Chini yake kuna tarafa na blok, na chini kabisa panchayat, yaani mabaraza ya vijiji, na hapo nawapa hongera, Bihar ilikuwa jimbo la kwanza kutenga nusu ya viti vya panchayat kwa wanawake, 2006. Ila mkulima akitaka jina la marehemu baba litoke kwenye daftari liingie la kwake bado safari yake ni kwa karani.

Na saivi mambo ni moto. Agosti 2024 Bihar ilianza upimaji mwingine wa ardhi jimbo zima, kila mtu anatakiwa atoe hati na orodha ya ukoo wake, watu wakarudi kutoka Delhi kuja kupekua masanduku, na hati nyingi za mababu zimeandikwa kwa maandishi ya zamani yanaitwa Kaithi ambayo wanaoyajua kuyasoma saivi ni wachache sana, kwahiyo mtu ana karatasi mkononi na hajui imeandikwa shamba lake au la jirani. Novemba mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuchukua mali za Bettiah Raj, ekari zaidi ya 15,000, nyingi ziko huko huko Champaran, na kuna watu wameshajenga na kuzaa wajukuu juu yake. Deni la maharaja wa miaka ya 1880 bado linatafuta mtu wa kulilipa.

Mmesema sehemu ya pili inakuja wiki ijayo. Tafadhali mwambieni mwandishi wenu amweke Munis, kama picha yake ipo itoke kubwa kuliko ya tembo.

Karani mstaafu wa ardhi,
Muheza, Tanga